Damu Haijazwi kama Pipa

Imani iliyotawala Afrika Mashariki kuhusu damu ni nyepesi kueleza. Mtu ana damu yake mwilini, kiasi fulani. Ikipungua anapata kizunguzungu, viganja vinapauka, anachoka akipanda kilima kidogo. Basi dawa ni kumwongezea. Cha kuongezea ni juisi ya bitiruti, rozela iliyochemshwa, soda nyekundu, na kwa aliyefika kwenye kituo cha afya, vidonge vinavyoitwa na kila mtu vidonge vya kuongeza damu. Imani hii si ya vijijini tu wala si ya wasiosoma. Hutangazwa redioni, huzungushwa kwenye simu, na mara nyingi hutoka mdomoni mwa mhudumu wa afya mwenyewe. Inaichukulia damu kama maji ya pipa: likipungua, ujaze.

Imani hiyo ni kosa, na kosa lenyewe liko katika wazo la pipa kabla ya kufika kwenye juisi. Mahali pazuri pa kuipima ni Bugeshi, tarafa ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda iliyo upande wa mlima wa volkano wa Karisimbi, kwenye mashamba ya viazi mviringo na soko la mpakani la Kabuhanga linalopakana na Kongo. Ardhi ya huko imevuka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Gisenyi, ulio kando ya Ziwa Kivu katika wilaya hiyo hiyo, uko chini kidogo ya mita 1,500. Safari fupi ya pikipiki kati ya sehemu hizo mbili inatosha kubadili maana ya kipimo cha damu.

Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Zaidi kidogo ya nusu yake ni plazima, majimaji ya rangi ya manjano yaliyobeba protini, chumvi, sukari na viini vya kugandisha damu. Sehemu iliyobaki ni chembe nyekundu karibu yote. Chembe nyeupe na chembe sahani ni asilimia ndogo mno, ingawa aliyekosa za kwanza huuawa na maambukizi na aliyekosa za pili huvuja damu bila kukoma. Chembe nyekundu haina kiini. Ni mfuko uliojazwa hemoglobini, protini yenye atomi nne za chuma, na kila atomi hushika oksijeni mapafuni na kuiachia kwenye misuli, ubongo na viungo vingine. Muuguzi anayesema "damu yako ni kumi" amepima gramu za hemoglobini zilizomo katika desilita moja. Hajapima damu iliyomo mwilini ni lita ngapi, wala kifaa kilicho mkononi mwake hakiwezi kupima jambo hilo.

Vipimo hivyo viwili, wingi wa damu na ukolezi wa hemoglobini, si pacha. Mara nyingi huenda njia tofauti. Mjamzito ndiye shahidi wa kwanza. Katika miezi ya ujauzito plazima yake huongezeka kwa karibu nusu, na chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini kwa robo hivi. Matokeo yake ni kwamba damu yote imekuwa nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake huku hemoglobini ikisoma chini. Shirika la Afya Duniani linalijua hilo, ndiyo maana kikomo chake cha upungufu kwa mjamzito wa miezi mitatu ya katikati ni gramu 10.5, ilhali kwa mwanamke asiye na mimba ni 12. Kumwambia mama huyo kwamba damu yake imekwisha ni kumwambia kinyume cha kinachotokea mwilini mwake.

Shahidi wa pili ni mpanda mlima. Mtu wa Gisenyi akianza kupanda Karisimbi, ambao kilele chake kiko mita 4,507, figo zake humwaga maji na plazima hupungua ndani ya siku moja au mbili. Kipimo cha hemoglobini kitapanda. Hajatengeneza chembe hata moja ya ziada, na jumla ya damu yake imepungua. Kwa hesabu ya pipa, mtu huyu "ameongeza damu" kwa kupoteza maji.

Kinachoamua idadi ya chembe nyekundu ni mahitaji ya oksijeni. Figo huonja oksijeni inayofika kwenye tishu zake. Ikipungua, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe zaidi. Kazi hiyo haikomi: uboho wa mtu mzima mwenye afya hutoa zaidi ya chembe milioni 2 kila sekunde. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huikamata, huivunja na kuirudisha malighafi yake kazini.

Hapo kwenye kurudisha malighafi ndipo biashara ya vinywaji vyekundu inapokwama. Uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku. Chakula kinachangia miligramu 1 au 2 tu. Zinazobaki zote zinatoka kwenye chembe kuukuu zilizovunjwa. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 au 4 za chuma, nyingi zikiwa ndani ya hemoglobini yenyewe, na hauna njia maalumu ya kuzitoa nje zikizidi. Kwa hiyo mtu mzima anayeishiwa na chuma, mara nyingi kuna mahali anapovujia: hedhi nzito, uvimbe wa kizazi, kidonda cha tumbo, safura inayonyonya utumbo, uzazi wa karibu karibu. Watoto wadogo na wajawazito wana sababu nyingine, kwa kuwa wanajenga mwili mpya. Lakini mwanamume mzima au bibi aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, swali la kwanza ni damu inatokea wapi. Anayempa juisi na kumrudisha nyumbani ameliruka swali hilo, na miongoni mwa majibu yake imo saratani ya utumbo mpana.

Kuhusu rangi, maelezo ni mafupi. Wekundu wa bitiruti unatokana na rangi za mmea ziitwazo betalaini, ambazo hazina chuma. Gramu 100 za bitiruti mbichi zina chuma kisichofika miligramu 1. Kiasi kama hicho cha maharage yaliyopikwa kina mara mbili au tatu yake. Bitiruti ni mboga nzuri, ina folati ya kutosha, na hakuna sababu ya kuigombeza shambani. Kuna kejeli moja tu: baadhi ya watu wakiila hukojoa mkojo mwekundu, na hali hiyo huonekana zaidi kwa wale walio na upungufu wa chuma. Rangi waliyoinunua inapita na kwenda zake.

Kama ni chakula cha kutetea, milima ya kaskazini magharibi mwa Rwanda inacho na hakina wekundu wa kujivunia. Maharage ya kupanda, yanayosimikwa miti mirefu ili yatambae, ndiyo chakula cha kila siku. Tangu mwaka 2010 Rwanda imesambaza aina za maharage zilizozalishwa ziwe na chuma kingi, na mwaka 2016 lilichapishwa jaribio lililofanywa Huye kwa wasichana wa chuo 195 waliokuwa na akiba ndogo ya chuma. Nusu walikula maharage hayo, nusu walikula ya kawaida. Baada ya siku 128 waliokula maharage yenye chuma kingi walikuwa na hemoglobini ya juu kidogo na akiba bora zaidi. Siku 128 za kula kila siku, kwa watu ambao tayari ilithibitika wana upungufu wa chuma, na ongezeko lenyewe halikufika nusu gramu. Anayeahidi kupandisha damu kwa juisi ya wiki moja na aieleze hesabu hiyo.

Kinachoshangaza ni kwamba watetezi wa juisi hawagusi kabisa mambo ya mezani yenye uzito. Chai ikinywewa pamoja na chakula, tanini zake huweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha maharage na mboga kisiingie mwilini, na wilaya ya Rubavu ndiko kiliko kiwanda cha chai cha Pfunda. Kuisogeza chai mbele kwa saa moja hakugharimu chochote. Vitamini C iliyomo kwenye viazi, nyanya au chungwa husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Na sambaza, samaki wadogo waliopelekwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wana chuma cha aina ya nyama, ambacho utumbo hukipokea kwa urahisi kuliko cha majani. Wanauzwa Gisenyi, na hakuna anayewatangaza kuwa dawa ya damu, pengine kwa sababu wana rangi ya fedha.

Mbona basi watu wengi huapa kwamba juisi iliwapandishia damu? Sababu ni za kawaida. Tone la damu la kidoleni hutoa majibu yanayotofautiana: kidole kikiminywa sana damu huchanganyika na maji ya tishu, na vipimo viwili vya siku moja vinaweza kupishana kwa karibu gramu nzima. Aliyekunywa maji kidogo husoma juu kuliko aliyekunywa mengi. Aliyekuwa na malaria akatibiwa, hemoglobini yake hupanda yenyewe katika wiki zinazofuata, kwa kuwa kilichokuwa kikivunja chembe kimeondoka. Na wengi walimeza vidonge vya chuma huku wakinywa juisi. Sifa ikaenda kwa ile iliyoonekana.

Kipimo chenyewe, hata kikichukuliwa vizuri, Bugeshi hakisomwi kama Dar es Salaam au Mombasa. Kadiri mtu anavyoishi juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na figo huagiza chembe zaidi ili kufidia. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaongeza kikomo kulingana na mwinuko: gramu 0.8 kwa wanaoishi kati ya mita 1,000 na 1,499, gramu 1.4 kwa wanaoishi kati ya mita 2,000 na 2,499. Maana yake, mwanamke asiye na mimba anahesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 12 pwani, chini ya 12.8 mjini Gisenyi, na chini ya 13.4 Bugeshi. Mwanamume, 13 pwani na 14.4 Bugeshi. Mtoto wa miaka mitatu, 11 pwani na 12.4 Bugeshi. Mwanamke mwenye 13 kamili, ambaye Mombasa angeambiwa ana damu ya kutosha na Gisenyi angepita, akiwa Bugeshi yuko chini ya mstari. Wazo la pipa halina nafasi ya jambo hili, kwa sababu pipa lililojaa ufukoni limejaa mlimani pia.

Haki inataka kusema kwamba jedwali hilo nalo halikushushwa kutoka mbinguni. Kabla ya mwaka 2024 marekebisho ya mwinuko wa mita 2,000 yalikuwa gramu 0.8 tu, na yalitegemea zaidi takwimu kutoka nje ya Afrika. Zaidi ya hapo, watafiti waliopima Waethiopia wanaoishi juu ya mita 3,500 waliwakuta na hemoglobini inayokaribia ya watu wa usawa wa bahari. Miili yao imeizoea hewa nyepesi kwa njia nyingine. Miili ya watu haiitikii mwinuko kwa namna moja. Hilo halimrudishii mtu wa juisi hoja yake. Linaongeza sababu ya kutotoa tiba kwa namba moja iliyosomwa peke yake.

Mwinuko hubadilisha pia orodha ya magonjwa. Vimelea vya malaria vikali zaidi, falsiparamu, haviwezi kukamilisha ukuaji wao ndani ya mbu kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 18 hivi. Kwenye miteremko ya volkano malaria huwa chache kuliko kwenye mabonde ya mashariki ya Rwanda, na pamoja nayo hupungua pia ile tabia ya damu iliyoletwa na malaria, yaani selimundu. Historia ya ugunduzi huo ni ya Afrika Mashariki, na inafaa kusimuliwa kwa sababu nayo ilianza kwa kosa. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walipima watu wa Uganda na kukuta karibu asilimia 45 ya Baamba wa Bwamba wana chembechembe ya urithi ya selimundu, huku jamii nyingine zikiwa nayo kidogo sana. Walitafuta maelezo katika asili ya makabila. Mwaka huo huo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo na kuona kwamba tabia hiyo ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na adimu kwenye nyanda za juu, bila kujali lugha ya watu. Makala zake za mwaka 1954 zilionyesha kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu amekingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ramani ya damu ilifuata mbu, haikufuata kabila. Katika nchi kama Rwanda, ambako utawala wa Wabelgiji uligawa watu kwa kuwapima miili na kuwaandikia vitambulisho, ushahidi huo ulistahili kusikilizwa mapema zaidi kuliko ulivyosikilizwa.

Ubaridi wa mlimani haumaanishi kwamba selimundu haipo huko. Watu huhama, huoana, huvuka mpaka kila siku ya soko. Utafiti wa watoto wachanga 1,825 wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta baadhi yao wamerithi jeni moja. Wawili waliorithi moja wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mwenye ugonjwa kamili. Chembe za mtoto huyo hujikunja zikikosa oksijeni, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, na huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Hemoglobini yake huwa chini muda wote. Lakini kwa kawaida chuma hakimpungukii: chembe zinavunjwa ndani ya mwili, na chuma chake kinabaki humo humo. Akiongezewa damu mara kwa mara, chuma humzidi hadi kudhuru ini na moyo. Anayemmiminia vidonge vya chuma kwa sababu "damu yake ni saba" anamwongezea mzigo. Anachohitaji ni asidi ya foliki, kinga ya maambukizi na malaria, na dawa iitwayo haidroksiurea, ambayo jaribio lililofanywa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda na kuchapishwa mwaka 2019 lilionyesha kuwa inapunguza maumivu, mahitaji ya kuongezewa damu, malaria na vifo.

Hapa lawama inahama kutoka sokoni kwenda kliniki. Vidonge vya chuma kwa kila aliyepauka ni wazo lile lile la pipa likiwa limevaa koti jeupe, na ushahidi dhidi yake ulipatikana kwa gharama kubwa kisiwani Pemba. Huko maelfu ya watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika jaribio lililotarajiwa kuokoa maisha. Agosti 2003 kamati ya usalama iliusimamisha mkono huo wa jaribio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kuugua kiasi cha kulazwa. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria mwaka mzima. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto waliothibitika kupungukiwa na chuma walinufaika. Madhara yaliwaangukia wale ambao hawakukihitaji. Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake: penye malaria, chuma kiende pamoja na kinga na matibabu ya malaria.

Sababu ya kibayolojia ilikuwa imeanza kueleweka miaka michache tu kabla. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo na kukizuia ndani ya hifadhi zake. Mtu akiwa na maambukizi, iwe kifua kikuu, virusi vya ukimwi au homa isiyoisha, hepsidini hupanda, kwa kuwa bakteria na vimelea nao wanakitaka chuma. Mwili unakificha kwa makusudi. Mgonjwa wa namna hiyo ana chuma ghalani na hemoglobini ya chini, na vidonge anavyomeza hubaki tumboni, vikimpa choo cheusi na kuvimbiwa. Tiba ya damu yake ni tiba ya maambukizi. Mwenye figo zilizoharibika ana shida nyingine: anakosa erithropoietini, hivyo uboho haupati amri. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa miaka mingi anaweza kukosa vitamini B12, na chembe zake huwa kubwa na chache. Leukemia huuteka uboho wenyewe. Wote hawa hupauka viganja sawasawa, na wote katika nchi zetu huambiwa wanywe kitu chekundu.

Takwimu za taifa la Rwanda zinapaswa kuwatia shaka hata wanaoamini vidonge. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2014 hadi 2015 ulikuta upungufu wa hemoglobini kwa asilimia 19 ya wanawake. Ule wa 2019 hadi 2020 ukakuta asilimia 13. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 namba ilibaki asilimia 37 mara zote mbili. Ni miaka ambayo unga wa lishe wa Shisha Kibondo ulianza kugawiwa kwa familia maskini. Mtoto wa miaka miwili ana sababu nyingi zinazosukumana, minyoo, homa za mara kwa mara, uji mwepesi usio na mafuta wala samaki, na kuzaliwa na akiba ndogo kwa sababu mama naye alikuwa hana, na hakuna kirutubisho kimoja kinachozimaliza zote.

Pingamizi kubwa la watetezi wa pipa ni la umaskini. Husemwa kwamba kituo cha afya cha mlimani hakina mashine za kuchambua chembe, mgonjwa hana nauli ya kushuka hospitali ya Gisenyi, hivyo bora chochote kuliko kukaa bure. Hoja hiyo ina uzito kwa nusu yake. Mjamzito kupewa chuma na asidi ya foliki ni ushauri sahihi, kwa kuwa mahitaji yake yanajulikana kabla ya kipimo chochote. Lakini nusu ya pili inasahau kwamba vitu vya maana zaidi havina gharama kubwa. Kuuliza hedhi inachukua siku ngapi na vitambaa vingapi hakuhitaji mashine. Kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi kwa wajumbe wa afya wa vijiji. Kuangalia macho kama yana manjano, kupapasa wengu kama umevimba, kuuliza kama kuna ndugu aliyefariki mdogo kwa maumivu ya mifupa: mambo haya hutenganisha kuvuja, kuvunjika kwa chembe na kutotengenezwa kwake, ambazo ndizo njia tatu pekee za kupungua kwa chembe nyekundu. Darubini inayotafuta vimelea vya malaria kwenye kioo huonyesha pia chembe ndogo zilizopauka, chembe kubwa, au zilizojikunja kama mundu. Na vidonge vikitolewa, kipimo kirudiwe baada ya mwezi. Hemoglobini isipopanda, utambuzi ulikuwa na kosa, au damu bado inavuja, au dawa haikumezwa. Anayepewa juisi harudiwi kupimwa, kwa hiyo juisi haishindwi kamwe.

Kuna wanaosema tena kwamba kama si juisi wala vidonge, basi damu yenyewe ndiyo tiba. Hata hapo uangalifu unahitajika. Jaribio la TRACT lililofanywa Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019 liliwafuatilia watoto waliokuwa na hemoglobini kati ya gramu 4 na 6 lakini bila dalili za hatari. Walioongezewa damu papo hapo hawakunusurika zaidi kuliko wale waliosubiriwa kwa uangalizi na kuongezewa pale tu hali ilipozorota. Chupa ya damu ni kiungo cha mtu mwingine: hulinganishwa kundi, hupimwa virusi, huweza kuujaza moyo kupita uwezo wake. Kwa upande wa mtoaji, hofu kwamba damu yake itaisha ni ya pipa pia. Mililita 450 zinazotolewa hurudishiwa majimaji ndani ya siku moja au mbili, na chembe ndani ya wiki chache. Kinachochelewa ni chuma, ndiyo maana wanawake hutakiwa kusubiri muda mrefu zaidi kuliko wanaume kabla ya kutoa tena.

Ipo hali moja ambayo wazo la pipa ni kweli, nayo ni kuvuja ghafla, hasa baada ya kujifungua. Hapo wingi wa damu unashuka kweli, na dakika zina thamani. Lakini hapo hapo ndipo mazoea yote ya imani hiyo yanapotutupa mkono. Mama aliyemwaga lita nzima, kipimo chake cha hemoglobini katika saa za mwanzo kinaweza kusoma kama kawaida, kwa sababu chembe na plazima vimeondoka pamoja kwa uwiano ule ule. Anayesubiri namba ishuke ndipo ashtuke amechelewa. Kinachoangaliwa ni mapigo ya moyo, shinikizo, na damu yenyewe iliyokusanywa na kupimwa. Jaribio lililohusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2023, liliweka chini ya kila mzazi shuka lenye mfuko uliochorwa vipimo, pamoja na matibabu yanayotolewa yote kwa mkupuo. Kuvuja kukali kulipungua kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Damu ya kuongezea ndiyo inayofuata, na Rwanda, ambayo tangu Oktoba 2016 husafirisha chupa za damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga, imeweza kuzifikisha hospitali za vilimani haraka kuliko gari huku chupa zinazoharibika kwa kupitwa na muda zikipungua kwa theluthi mbili.